Namba ya Mwisho Kuingia: Kusoma Vikomo vya Udahili wa Sayansi ya Kompyuta katika Vyuo vya Uhandisi vya India



Kikomo cha udahili ni namba ya mtu wa mwisho aliyepata nafasi katika kozi fulani, katika chuo fulani, mwaka fulani. Katika mhadhara huu, neno «namba» limetumika kwa maana ya shuleni, kama mtoto aliyeshika namba ya tatu darasani, na neno «nafasi» limeachiwa kiti cha masomo, ili maneno hayo mawili yasichanganywe. Nchini India kila mwaka vikomo hivi husomwa na familia nyingi mno, hasa vya kozi ya sayansi ya kompyuta na uhandisi. Lengo la mhadhara ni kueleza namba hiyo inatoka wapi, inasema nini na haisemi nini, ili anayeisoma aitumie kuamua mambo yake badala ya kujikatia tamaa. Hoja ni sita.

1. Kikomo ni matokeo, si sharti

Watu wengi hudhani kwamba chuo hukaa kikao, kikapanga kwamba mwaka huu hatapokelewa mtu aliyezidi namba 70, kisha kikatangaza. Haiko hivyo. Chuo hutangaza idadi ya nafasi tu. Waombaji hupangwa kwa namba zao, huandika machaguo yao, na nafasi hugawiwa kuanzia wa kwanza kwenda chini. Nafasi zikiisha, aliyepata ya mwisho anatazamwa ana namba gani, na hiyo ndiyo huandikwa kuwa kikomo.

Wasikilizaji waliokulia pwani wanajua kwamba maji yakishakupwa hubaki mstari wa mwani mchangani. Mstari ule haukuyazuia maji, unaonyesha yalipoishia. Bamvua la mwezi huu halina wajibu wa kuishia pale pale.

Tofauti hii inafahamika hapa Afrika Mashariki pia. Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu huchapisha kila mwaka mwongozo wenye sifa za chini za kujiunga, na kwa kawaida mhitimu wa kidato cha sita hutakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili wenye jumla isiyopungua pointi 4. Hilo ni sharti: linajulikana mapema na halibadiliki kwa sababu jirani amefaulu zaidi. Lakini mwenye sharti hilo anaweza kukosa kozi ya kompyuta, kwa kuwa wenye sifa ni wengi kuliko viti. Ushindani huo ndio unaozaa kikomo. Sharti humwambia mtu kama anaruhusiwa kupanga foleni, na kikomo huonyesha foleni ya mwaka uliopita iliishia kwa nani.

2. Namba hutokana na mtihani, na mitihani ni miwili

Vyuo vya uhandisi vinavyogombaniwa zaidi India ni Taasisi za Teknolojia za India, zijulikanazo kama IIT. Ya kwanza ilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, na leo ziko 23. Baada yao zipo Taasisi za Taifa za Teknolojia, yaani NIT, ambazo ni 31. Makundi haya hayatumii orodha moja ya namba.

Mtihani wa kwanza unaitwa JEE Main. Hufanywa mara mbili kwa mwaka, Januari na Aprili, na mtahiniwa aliyefanya mara zote mbili huhesabiwa matokeo yaliyo bora. Masomo ni fizikia, kemia na hisabati. Kwa sababu watahiniwa hugawanywa katika siku na zamu tofauti, na maswali ya zamu moja yanaweza kuwa magumu kuliko ya nyingine, alama ghafi hazilinganishwi moja kwa moja. Hutumika pasentaili, yaani kati ya kila watahiniwa mia, ni wangapi waliopata alama sawa na zako au chini yake.

Hapa wazazi wengi huteleza. Pasentaili 99 inasikika kama alama 99 kwa mia, nayo siyo. Mwaka 2024 waliofanya mtihani huo walizidi 1,400,000. Mwenye pasentaili 99 ametanguliwa na mmoja katika kila mia, na mmoja katika kila mia ya watu 1,400,000 ni watu 14,000. Mwenye pasentaili 99.9 ametanguliwa na watu 1,400 hivi. Tarakimu moja baada ya nukta imewaweka kando watu zaidi ya 12,000. Mwanafunzi akiambiwa pasentaili yake, jambo la kwanza ni kuigeuza kuwa namba, kwa maana nafasi hugawiwa kwa namba.

Namba ya JEE Main ndiyo itumikayo kuingia NIT. Kwa wanaotaka IIT, watahiniwa 250,000 wa mbele huruhusiwa kufanya mtihani wa pili, JEE Advanced, wenye karatasi mbili za saa tatu tatu katika siku moja. Mwaka 2024 waliofanya karatasi zote mbili walikuwa 180,200, waliofuzu kuingizwa katika orodha ya namba walikuwa 48,248, na nafasi katika IIT zote zilizidi 17,000 kidogo. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba aliyefuzu bado hajapata nafasi, na kwamba wengi wa waliofuzu hawakuipata.

Mambo mawili hufuata. La kwanza, namba 1,000 ya JEE Main na namba 1,000 ya JEE Advanced ni vitu viwili tofauti, ingawa hukaa katika jedwali moja. La pili, alama na namba hazitembei pamoja. Alama za chini za kuingia katika orodha ya jumla ya JEE Advanced zilikuwa 55 kati ya 360 mwaka 2022, zikawa 86 mwaka 2023, na 109 mwaka 2024. Mtu asiyejua angesema vijana wa 2024 walikuwa hodari maradufu. Lakini mtihani ukiwa mgumu alama hushuka kwa wote, ukiwa mwepesi hupanda kwa wote, na mpangilio wa nani yuko mbele ya nani haubadiliki kwa kiasi hicho. Ndiyo maana anayeuliza «mwaka jana waliingia kwa alama ngapi?» hupata jibu lisilomfaa mwaka huu. Namba hudumu kuliko alama.

3. Kozi moja ina vikomo vingi

Jedwali rasmi la vikomo linapaswa kusomwa safu kwa safu. Mstari mmoja huanza na jina la chuo, kisha jina la kozi, kisha mgao wa jimbo, kisha kundi la nafasi, kisha jinsia, na mwishoni namba mbili: ya kufungulia, yaani ya mtu wa kwanza kuipata, na ya kufungia, yaani ya mtu wa mwisho. Anayerukia namba ya mwisho bila kupitia safu za katikati husoma kikomo kisichomhusu.

Safu ya kundi inatokana na sheria za India za kutenga nafasi kwa jamii zilizobaguliwa au kuachwa nyuma. Katika taasisi hizi, asilimia 15 ni za matabaka yaliyoorodheshwa kisheria, asilimia 7.5 za makabila yaliyoorodheshwa, asilimia 27 za matabaka mengine yaliyo nyuma kimaendeleo, na tangu 2019 asilimia 10 za kaya zenye kipato duni zisizo katika makundi hayo. Zinazobaki wazi kwa kila mtu ni asilimia 40.5. Ndani ya kila kundi, asilimia 5 hutengewa watu wenye ulemavu.

Lililo muhimu kwa msomaji ni kwamba kikomo cha kundi huandikwa kwa namba ya ndani ya kundi hilo. Mstari wa nafasi za wazi ukionyesha 68 na wa kundi fulani ukionyesha 40, wa pili haumaanishi mtu wa arobaini India nzima. Ni mtu wa arobaini kati ya wenzake wa kundi lake. Kulinganisha namba hizo mbili kana kwamba zimetoka foleni moja ni kosa, na kosa hilo limezaa ugomvi mwingi usio na msingi. Ikumbukwe pia kwamba mtu wa kundi lolote akiwa na namba nzuri katika orodha ya jumla huchukua nafasi ya wazi kama mwingine yeyote.

Safu ya jinsia ina historia fupi. Wasichana katika IIT walikuwa chini ya mmoja kati ya wanafunzi kumi. Kuanzia 2018 ziliongezwa nafasi za wasichana pekee, juu ya zile zilizokuwapo, kwa lengo la kufikia asilimia 14 mwaka huo na asilimia 20 kufikia 2020. Hivyo msichana hutazama mistari miwili, wa jinsia zote na wa wasichana, naye hufikiriwa katika yote miwili.

Safu ya jimbo inahusu NIT, ambako kwa kawaida nusu ya nafasi ni za wanafunzi wa jimbo chuo kilipo. Kozi ile ile, chuo kile kile, huwa na kikomo kimoja kwa wenyeji na kingine kwa watokao nje ya jimbo. IIT hazina mgao huo.

4. Nafasi hugawiwa kwa mzunguko, na mwombaji asiogope kusema ukweli

Hadi 2014, IIT na NIT ziligawa nafasi kila moja kivyake. Kijana mmoja aliweza kushika nafasi mbili, akaiachia moja baada ya masomo kuanza, na kiti kikabaki kitupu huku maelfu wakikihitaji. Mwaka 2015 iliundwa mamlaka ya pamoja, JoSAA, na kompyuta moja ikaanza kugawa nafasi zote. Njia inayotumika ina asili katika kanuni iliyoandikwa mwaka 1962 na wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley, waliochunguza jinsi ya kuwapanga waombaji na vyuo pasiwe na mwombaji na chuo ambao wote wawili wangependelea kuvunja mpango huo. Shapley alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012, pamoja na Alvin Roth.

Mfano mdogo unatosha, na walio na kalamu wanaweza kuuchora. Chuo A kina nafasi mbili za kompyuta, na Chuo B kina mbili. Waombaji ni watano, namba 1 hadi 5. Wa namba 2 anapenda B kwanza kwa kuwa kiko karibu na kwao. Wengine wanne wanapenda A kwanza, B pili. Wa 1 anapata A, wa 2 anapata B, wa 3 anapata A na A inajaa, wa 4 anapata B na B inajaa, wa 5 anakosa. Kikomo cha A ni 3, cha B ni 4.

Sasa wa namba 2 abadili moyo, apende A. Wa 1 na wa 2 wanaijaza A, wa 3 na wa 4 wanaijaza B. Kikomo cha A kimekaza kutoka 3 hadi 2, ingawa hakuna mwalimu aliyeongezwa wala maabara iliyojengwa. Ni mtu mmoja tu aliyebadili chaguo. Au turudi mwanzo, na wa namba 1 ajiondoe. Wa 3 na wa 4 wanapata A, wa 2 na wa 5 wanapata B. Vikomo vimelegea hadi 4 na 5, na aliyekuwa amekosa kabisa sasa anaingia.

Hilo la mwisho ndilo sababu ya kuwapo raundi. JoSAA huendesha raundi tano au sita, na kila raundi wapo wanaojitoa. Aliyepata nafasi huchagua moja kati ya njia tatu: kufunga uamuzi, kubaki tayari kupandishwa kwenye chaguo lolote la juu zaidi, au kubaki tayari kupandishwa ndani ya chuo hicho hicho tu. Kwa hiyo kikomo cha raundi ya kwanza huwa kikali kuliko cha raundi ya mwisho. Anayelinganisha miaka alinganishe raundi ya mwisho na raundi ya mwisho.

Kutokana na njia hii linatoka fundisho lenye manufaa kuliko yote katika mhadhara huu. Kuweka chuo kigumu juu ya orodha hakumpunguzii mwombaji haki yake katika chuo chepesi kilicho chini. Kompyuta ikimkosesha la kwanza, huenda la pili kwa namba ile ile, bila adhabu. Basi orodha iandikwe kwa mpangilio wa kile mtu anachokipenda kweli. Vikomo vya mwaka jana vitumike kwa kazi moja: kumwonyesha aishushe orodha yake hadi wapi ili asibaki mikono mitupu. Anayepanga machaguo kwa kufuata ukali wa vikomo ameyapanga kwa mapenzi ya watu wengine.

5. Kwa nini kikomo hukaza na kulegea, na kwa nini kompyuta iko mbele

Kikomo husukumwa na mambo matatu: idadi ya nafasi, idadi na mpangilio wa waombaji, na matamanio yao. Chuo kikiongeza nafasi, kikomo hulegea. Kozi ikipendwa zaidi, hukaza. Chuo kipya kinachoaminika kikifunguliwa, huvuta sehemu ya foleni.

Matamanio ndiyo yenye nguvu. Katika miaka ya karibuni, nafasi za wazi za sayansi ya kompyuta katika IIT Bombay zimekuwa zikiisha kwenye namba sitini na kitu. Za IIT Delhi huishia mia na kitu, na za IIT Kanpur mia mbili na kitu. Katika chuo hicho hicho cha Bombay, uhandisi wa ujenzi hufungwa kwenye maelfu. Ajira na mishahara ya sekta ya programu ni sehemu kubwa ya maelezo, lakini ipo sehemu nyingine: vikomo hujilisha vyenyewe. Kijana aliyeshika namba 50 huona kwamba wenye namba kama yake mwaka jana walikwenda Bombay, naye huenda huko, na kwa kwenda kwake anaandika kikomo kitakachomwongoza wa mwaka ujao. Njia huzidi kuwa pana kwa sababu inapitwa.

6. Kikomo hakipimi ubora wa mafunzo

Hapa panahitaji umakini, kwa kuwa familia nyingi husoma vikomo kama orodha ya ubora. Kikomo kinasema waombaji walipenda nini. Hakisemi mwalimu anafundishaje, maabara ina nini, wala mhitimu atafanya nini.

IIT Kanpur ni ushahidi wa kutosha. Kompyuta ya IBM 1620 ilifika huko mwaka 1963, na chuo hicho kikawa miongoni mwa vya mwanzo kabisa India kufundisha elimu ya kompyuta. Mwaka 2002, katika idara yake ya kompyuta, Manindra Agrawal pamoja na wanafunzi wake wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, waliokuwa wametoka tu kumaliza shahada ya kwanza, walipata njia ya uhakika na ya haraka ya kubaini kama namba ni tasa. Swali hilo lilikuwa limewasumbua wanahisabati kwa muda mrefu, na jibu lao lilisomwa dunia nzima. Anayefuata ukali wa vikomo angeiweka idara hiyo nyuma kwa hatua mia moja na zaidi.

Vilevile, namba ya mwanafunzi haipimi kimo chake cha maisha. Karibu na kikomo, tofauti kati ya aliyeingia na aliyekosa inaweza kuwa swali moja, na katika mtihani wa kuchagua jibu swali moja linaweza kuamuliwa na usingizi wa usiku uliotangulia. Wenye alama sawa kabisa hutenganishwa kwa kanuni za ziada, kama vile nani amepata zaidi katika hisabati. Mji wa Kota, katika jimbo la Rajasthan, umejaa vijana waliohama makwao kwenda kukaa katika madarasa ya maandalizi kwa mwaka au miaka, na umejulikana pia kwa majonzi ya wale waliolemewa na mzigo huo. Mzazi anayemwambia mtoto wake kwamba maisha yameishia kwenye namba fulani amempa namba hiyo uzito ambao hata walioitunga hawakuupa.

Yaliyo mbele

Mambo haya yamekwisha kufika kwenye mwambao wetu. Mwaka 2023, IIT Madras ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza ya IIT yoyote nje ya India, ikiwa na shahada ya kwanza ya sayansi ya data na akili unde. Waombaji wake wa mwaka huo walipitia mtihani wa mchujo wa kampasi yenyewe na usaili, hivyo vikomo vya JEE havikuwahusu. Kenya, KUCCPS, yaani shirika la serikali la kuwapangia wanafunzi vyuo, huwagawia vijana nafasi kwa pointi za kundi la masomo zenye upeo wa 48, na vikomo vya mwaka uliopita huwekwa wazi. Foleni ni nyingine, na hata kipimo ni kingine, maana pointi hupanda pale ambapo namba hushuka. Lakini usomaji ni ule ule: kikomo kimeachwa na waliotangulia.

Kadiri kozi za kompyuta zitakavyozidi kugombaniwa katika nchi zetu, ndivyo haja ya kufundisha usomaji huu itakavyokua. Mwalimu wa taaluma anaweza kutenga kipindi kimoja kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, akachukua jedwali halisi, akawasomesha wanafunzi safu kwa safu, kisha akawaachia karatasi tupu waandike machaguo yao kwa mpangilio wa mapenzi yao. Vyuo navyo vingewasaidia waombaji kwa kuchapisha, pamoja na kikomo, idadi ya nafasi, kundi na raundi kilipopatikana. Kijana atakayeshika jedwali kamili namna hiyo ataweza kulisoma mwenyewe, pamoja na mzazi wake, mezani nyumbani.